Mikono ya Wifi Yangu

Mteja aliondoka na nusu kichwa. Upande wa kushoto mistari imelala kama iliyopigwa rula, upande wa kulia nywele zimesimama zinashangaa, na juu ya vyote hivyo alijifunga kitambaa changu mimi, ambacho mpaka leo sijakiona. Alikuwa karani wa benki na kesho yake alikuwa na safari. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya kumfikia fundi viatu wa jirani, "Mtu akilewa afunge duka akalale."

Wifi yangu hakuwa amelewa. Tangu kaka yangu amuoe sijamwona akionja hata tone. Lakini ungemtazama mchana ule ungeapa. Kope zilikuwa zimeshuka hadi katikati ya macho, maneno yalikuwa yanapitia puani, na ile mikono iliyofanya wateja wamwite Cherehani ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, kana kwamba kuna mtu kamwachia amshikie.

"Imekataa," aliniambia.

"Nini imekataa?"

"Mikono. Naituma, haiendi."

Nilikuwa nimesimama tangu saa mbili asubuhi na miguu inawaka moto. Saluni ni yetu wote wawili: viti viwili, kioo kimoja kirefu, na draya yenye kelele nyingi kuliko joto lake. Mmoja akikaa, mwingine anabeba. Nikamjibu, "Basi siku ikikubali unijulishe, nijue kama nina mwenzangu hapa au nina pambo la ukutani."

Hakujibu. Nilidhani ananinunia. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba hata taya lilikuwa limechoka.

Mambo yalikuwa yameanza miezi mingi nyuma, kidogo kidogo, kwa namna ya kumfanya mtu aonekane mwongo. Kwanza kope ya kushoto, inashuka jioni na asubuhi iko mahali pake. Kisha akaanza kuona viwili viwili. Anagawa nywele anaona njia mbili, hajui apite ipi. Kisha mikono. Kusuka ni kazi ya mikono kukaa hewani, saa tatu, saa nne, na wifi alikuwa na mikono ya kukaa hewani kutwa nzima huku anapiga soga. Sasa kichwa cha kwanza kilikwenda vizuri, cha pili kwa kujikaza, cha tatu hakimaliziki.

Alikwenda kwa daktari, usidhani hakwenda. Alikwenda kwa madaktari watatu. Tatizo ni kwamba foleni huanza alfajiri, na anayeanza foleni alfajiri huonwa saa tatu asubuhi, na saa tatu asubuhi wifi yangu ni mzima kama chuma. Daktari wa kwanza alimwambia vuta mkono wangu, sukuma, kaza. Akavuta mpaka daktari akacheka, akasema huyu akiamua kunipiga sitapona. Akampa vidonge vya kuongeza damu. Wa pili akampeleka kupimwa macho, akapewa miwani. Akarudi nayo saluni, akaivaa, akatazama kioo. "Inasaidia," akasema. "Sasa viwili naviona vizuri zaidi."

Wa tatu alimuuliza nyumbani kukoje. Akamuuliza kuhusu mume, kuhusu mama mkwe, kuhusu usingizi. Kisha akasema ni mawazo, apumzike wiki moja.

Akapumzika wiki moja. Akarudi Jumatatu anang'aa, akasuka vichwa viwili bila kukohoa, na mimi moyoni nikasema alhamdulillah. Saa nane mchana alikuwa chini tena. Na hapo ndipo watu walipompata. Kwa sababu ugonjwa unaokwenda mtu akipumzika na kurudi akifanya kazi, kila mtu analo jina lake. Mama yangu alisema, "Ugonjwa huo hata mimi ninao. Sema mimi sikumpata wa kumwambia."

Mama ndiye aliyekuwa na kinyongo kuliko wote, na alikuwa na sababu, au alidhani anayo. Jumapili moja tulikula kwake, kaka yangu, mkewe na mimi. Kaka ni fundi wa lifti, wiki ile alikuwa zamu za mchana, kwa hiyo alikula haraka haraka macho kwenye saa. Katikati ya chakula wifi akaacha kutafuna. Akaweka kiganja chini ya kidevu, akawa anasukuma taya kwa mkono kama anayefunga droo iliyokwama. Nyama ikabaki mdomoni. Mwishowe akainuka akaenda kuitema nje.

Mama akaona. Wifi alipokaa tena, mama, kwa kutaka kulainisha mambo, akasimulia jinsi kaka alivyokuwa mtoto, alivyojifungia kabatini akalia humo nusu siku. Kichekesho cha familia, tumekisikia mara mia. Wifi akamtazama mama kwa macho yaliyofungwa nusu, na mdomo wake ukajikunja upande mmoja, meno yakaonekana kidogo, pua ikapanda. Ungesema mtu amenusa kitu kibovu.

Mama akaweka kijiko chini. Jikoni akanishika mkono. "Umeona alivyonikunjia uso? Kwangu, mezani kwangu?"

"Anaumwa, mama."

"Anaumwa dharau."

Nilipaswa kumtetea. Lakini ukweli ni kwamba nami nilikuwa nimechoka kumtetea, na nilikuwa nimeanza kuamini nusu. Kwa hiyo siku ya yule karani, baada ya kufunga mlango, sikuishia kwenye lile la pambo. Nilimwambia, "Kama kazi huitaki, sema. Mimi sitakushika miguu. Ila usinifanye mjinga, asubuhi unaimba na mchana umekuwa gunia."

Alibaki kitini. Nilifagia, nikaosha vitana, nikafunika draya. Kama robo saa ikapita. Akainuka, na sauti ilikuwa imerudi.

"Chukua simu," akasema. "Fungua saa. Anza kuhesabu nikiinua mikono."

"Ya nini?"

"Wifi, wewe hesabu."

Akainua mikono mbele, sawa na mabega, kama mtu anayetembea usingizini. Nikahesabu. Sekunde tisini mikono ikaanza kutetemeka, ikashuka. Akapumua mara tatu, akainua tena. Hamsini. Akainua tena. Ishirini na mbili. Mara ya nne haikufika hata usawa wa tumbo. Nilitazama uso wake nione kama anaigiza, na niliona jasho limemtoka juu ya mdomo, na shingo imekaza, na hasira, hasira ya mtu anayesukuma mlango wa nyumba yake mwenyewe na haufunguki.

"Sasa tukae dakika kumi," akasema, tena kwa ile sauti ya puani.

Tukakaa. Baada ya dakika kumi akainua: themanini na nne.

Akafungua daftari la miadi ya wateja, kurasa za nyuma. Kulikuwa na safu za namba za wiki tatu, asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kichwa cha kwanza, baada ya kichwa cha pili. Alikuwa akijipima chooni, mlango umefungwa, kwa sababu hakutaka nimcheke.

"Mtu mvivu hachoki kwa mpangilio hivi," akasema.

Nilisema tu, "Tutakwenda hospitali kubwa. Wote wawili."

Hospitali kubwa ina kliniki ya neva, Alhamisi pekee. Wagonjwa wapya huandikishwa mwisho saa nne asubuhi, hakuna mjadala. Nilimwambia wifi itakuwa yale yale, watakuona mzima, watakurudisha. Akasema, "Hawatanikuta mzima." Akabeba mfuko wa kazi: kitana, nyuzi, kopo la mafuta.

Tulipata namba thelathini na moja. Tukakaa kwenye benchi la ukumbi, akanivua kitambaa, akaanza kunisuka. Mistari myembamba, ya kazi nyingi. Mlinzi akaja.

"Mama, hapa si saluni."

"Najua," wifi akasema. "Saluni yangu ina feni."

"Ni dawa, kaka," nikamwambia mlinzi.

"Dawa gani ya kusuka?"

"Ya kumchosha."

Alitutazama mmoja mmoja, akaona bora aende akapange viti.

Kufikia saa saba alikuwa tayari. Kope chini, mikono chini, kichwa kimeinama mpaka akakishikilia kwa kiganja. Ndani alikuwa ameingia namba thelathini. Nikamshika kiwiko. Mlango ukafunguka, akatoka muuguzi, akasema daktari ameitwa wodini kwa dharura, tusubiri kama saa nzima.

Saa nzima. Kwa mgonjwa mwingine saa nzima ni saa nzima. Kwa wifi yangu ilikuwa ni kufuta ubao wote. Machozi yalimtoka akiwa hawezi hata kuyapangusa, nikampangusia mimi, na nilitamani kumvuta yule muuguzi shati nimwambie mlete huyo daktari hata kwa dakika mbili, aone, aone tu. Muuguzi hakuwa na kosa. Kule wodini huenda mtu alikuwa anakufa. Nilijua hivyo na bado nilikuwa na hasira.

Na ikawa nilivyoogopa. Ilipofika saa nane kasoro macho yamefunguka, shingo imesimama. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani ana nywele?"

Mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya kipandauso aligeuka. "Hizi zangu hazijaguswa tangu mwezi uliopita. Ila nina kichwa kinauma, nenda taratibu." Nyuma yake binti mmoja akasema hata yeye yuko tayari. Wifi alisuka kama anayeshindana na mtu. Ukumbi mzima ulishajua kinachoendelea; mzee wa namba thelathini na tatu aliyekuwa na kiharusi cha mkono alikuwa akiuliza kila baada ya muda, "Bado hajachoka?" Wifi alikuwa katikati ya kichwa cha binti kitana kilipomponyoka, na sauti ikaita, "Thelathini na moja."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko sisi, amevua viatu chini ya meza. Wifi hakuweza kueleza, nikaeleza mimi. Nilipotoa daftari nilitegemea aliweke pembeni. Akalisoma. Akafungua ukurasa wa pili, na wa tatu.

"Nani alikwambia upime hivi?"

Wifi akatikisa kichwa. Hakuna.

Daktari akamwambia atazame dari bila kushusha macho. Nusu dakika haikufika, kope ya kushoto ikafunga kabisa kama pazia. Akamtuma muuguzi, akarudi na barafu ndani ya glovu, akamwekea juu ya jicho lile. Dakika mbili. Nilihesabu kwa simu, nimeshazoea. Alipotoa barafu, jicho lilikuwa wazi. Jicho zima, linanitazama, na la kulia bado limelala nusu.

Nilikaa chini bila kuambiwa nikae.

"Nieleze," wifi akasema. Ilitoka kama "nyeeye", lakini daktari alielewa.

Akachora. Neva ni seli, akasema, ina mkia mrefu, na mkia unakwenda mpaka kwenye msuli. Lakini haugusi msuli. Kati yao kuna upenyo mdogo kuliko chochote unachoweza kukiona. Amri ikifika mwisho wa mkia, neva inamwaga kemikali kwenye ule upenyo. Kemikali inavuka, inakaa kwenye vipokezi vilivyo juu ya msuli, na hapo ndipo msuli unajua kwamba umeambiwa ujikunje. Kisha kuna kimeng'enya kinachoivunja kemikali ile mara moja, ili pawe wazi kwa amri nyingine. Mara nyingi kwa sekunde, kila unapokunja kidole.

"Neva yako inamwaga kama kawaida," akasema. "Ila askari wa mwili wako, wale wanaopaswa kupigana na vijidudu, wamekosea, wanaharibu vipokezi. Vimebaki vichache. Sasa neva ikituma amri mfululizo, kila mara inamwaga kidogo kuliko mara iliyopita. Hiyo hutokea kwa kila mtu. Sisi hatuoni, maana vipokezi tunavyo tele. Wewe huna akiba. Ukipumzika, neva inajaza tena, mkono unarudi. Barafu inapunguza kasi ya kile kimeng'enya, kemikali inakaa muda mrefu kidogo, hata vipokezi vichache vinaipata."

Wifi alitazama mchoro. Alikuwa amekaa vya kutosha, maneno yakaanza kueleweka. "Kwa hiyo mkono wangu ni mzima. Na kichwa changu ni kizima. Shida iko hapa katikati, ambapo hapana kitu."

"Hapo hapo. Ugonjwa huu unaitwa mayastenia."

Nilidhani atashukuru. Nilikuwa tayari kushukuru mimi kwa niaba ya ukoo. Yeye akauliza, "Wale madaktari watatu hawakujua jambo hili?"

"Wanalijua. Tunalisoma wote." Daktari alisita. "Ila ukija asubuhi, mgonjwa amepumzika, ni vigumu kuuona."

"Milango yenu inafunguliwa asubuhi."

Daktari akavuta karatasi. Akaandika dawa.

Ningependa kusema kwamba mambo yalinyooka. Kidonge kile hukizuia kile kimeng'enya, na siku ya kwanza, dakika arobaini baada ya kukimeza, alitafuna kipande cha nyama mbele yetu mpaka kikaisha, na kaka yangu akatoka nje ya nyumba kwa muda, akasema anakwenda kuangalia mita ya maji. Lakini kidonge kinaishiwa nguvu baada ya saa nne, na kinamvuruga tumbo, kwa hiyo kati ya kichwa na kichwa anakimbilia chooni. Mara mbili duka la dawa lilimwambia zimekwisha, rudi Jumatatu, kana kwamba mtu anaweza kuahirisha kumeza mate mpaka Jumatatu. Wakampima damu, wakampiga picha ya kifua kuangalia tezi moja iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo wakati mwingine ndiyo inayowachochea wale askari, majibu yakachukua wiki sita. Sasa husuka asubuhi tu. Vichwa virefu ni vyangu, na miguu yangu inalijua hilo.

Mama alikuja kwa kaka na chupa ya mafuta, amkande wifi mikono, kwa sababu kwake yeye kitu kilicholegea kinakandwa. Wifi alimwacha akande. Mama akiwa kwenye kiwiko akasema bila kumtazama, "Siku ile mezani, uliponikunjia uso."

"Nilikuwa nacheka, mama. Ni kile kisa cha kabati."

Mama akakanda. "Ungesema."

"Nilisema," wifi akajibu. "Nilisema miezi kumi na mmoja."

Mama akaongeza mafuta kiganjani. Akahamia mkono wa pili.

Mimi nami niliomba radhi, siku moja tunafungua saluni. Nilimwambia nilikuita pambo. Akasema, "Nakumbuka." Hakuniambia yamekwisha. Alinipa ufagio, tukaendelea na kazi.

Kisha akaja na wazo la kwenda kwa daktari wa tatu, yule wa mawazo. Nilimwambia achana naye, maji yakimwagika hayazoleki. Akasema hataki kuyazoa. Tulipanga foleni tangu alfajiri, tukaingia saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa na nakala ya zile kurasa za daftari, na ile barua ya hospitali kubwa. Daktari alimkaribisha vizuri, akamuuliza anasumbuliwa na nini. Hakumkumbuka.

"Uliniambia ni mawazo," wifi akasema, akaweka karatasi mezani.

Daktari alisoma barua. Rangi ilimbadilika kidogo. "Ugonjwa huu ni nadra sana," akasema.

"Kwangu si nadra. Ninao kila siku." Akamsogezea zile namba. "Sikuja kugombana. Akija mwingine, macho yanashuka, mikono inachoka, na mbele yako ni mzima, usimuulize mama mkwe. Muulize mchana anakuwaje."

"Nitajitahidi."

"Usijitahidi. Andika."

Daktari akachukua kalamu, akaandika kwenye kidaftari chake. Wifi alisimama palepale mpaka amalize, akasoma juu chini kile kilichoandikwa, akaweka kidole. "Hapo ongeza, baada ya kazi."

Akaongeza.

Tukashuka ngazi. Kwenye ngazi ya mwisho nilimuuliza, "Umeridhika?"

"Hapana," akasema. Akatazama saa, akatoa chupa ya maji na kidonge kwenye mkoba, akameza. "Twende. Nina mteja saa tatu na nusu, na nikichelewa mikono haitanisubiri."